Daftari la Barabara ya Kumi na Nne

Nyuma ya daftari kuna jedwali la kuzidisha,
mbele nimeandika madeni.
Nilianza siku ile daktari wa Bombo alipokunja karatasi
akaniambia niende Dar, nisingoje Ijumaa ipite,
nami mkononi nina elfu nane
na sinia la bagia zilizokwisha kupoa.

Wa kwanza ni Semkiwa, mkata tiketi wa basi la alfajiri.
Kiti nambari tatu, dirishani, upande usiopigwa jua,
kila baada ya Jumanne mbili,
kwa kuwa Kibwana hutapika tukikaribia Segera.
Hakuwahi kutupa pole.
Alisema tu, "Kiti chenu kipo."

Wifi yangu wa Mbagala.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi siku ya mia mbili alinipa ufunguo,
kaufunga uzi wa kijani nisije nikaupoteza.

Damu, chupa tatu.
Majina mawili nayajua, ni watu wa mtaani kwetu.
La tatu halisomeki, mwandiko wa mtu mwenye haraka.
Basi namwita Haraka,
na kwa jina hilo namwombea, Mungu atamjua.

Nywele zilipokwisha
Mhina fundi cherehani alimpima mtoto kichwa
taratibu, kama anayempima bwana harusi,
akaandika: inchi ishirini.
"Mfuko tuuweke upande gani?"
Nikamwambia kofia haina mfuko.
"Ya huyu inao," akajibu,
na gololi ya Kibwana ilisafiri humo
mpaka wodini, ikarudi.

Bi Mwantumu, mlango wa pili.
Miaka minne tuligombania mtaro:
maji yake yalipita kwangu,
maneno yangu yalipita kwake.
Niliporudi Agosti nilikuta kuku wangu wamenenepa,
mtaro umezibuliwa, uwanja umefagiwa.
Nikampelekea bagia kwenye sahani.
Akazihesabu kwa kidole. "Sita tu?
Kweli asante ya punda ni mateke."
Tulicheka mpaka tukashika ukuta,
kisha mmoja wetu akalia, simtaji.

Ukurasa unaofuata niliuacha mtupu muda mrefu.

Mama Njiku wa Singida, kitanda cha pili kutoka mlangoni.
Alinifundisha kulala nimekaa.
Alinifundisha kumuuliza daktari mara ya pili
bila kuomba radhi.
Tulimenya machungwa ya Muheza kwa kisu kimoja,
watoto wakagombania maganda.
Asubuhi ile alifungasha vitu vya watu wawili
apate kurudi navyo mtu mmoja,
akanisogezea ndoo yake ya bluu, yenye kifuniko.
"Yenu inavuja," alisema.
Hilo tu.
Ndoo iko jikoni.
Kila nikichota maji nasema asante,
na asante hiyo ina uzito wa maji.

Kibwana yuko darasa la kwanza sasa.
Kila miezi mitatu twaenda kupimwa,
na wiki ile ya kungoja majibu
mtaa mzima huongea kwa sauti ya chini.
Juzi alilifungua daftari kutafuta tano mara saba.
"Mama, haya yote tutayalipa lini?"
Nikamwambia asome jedwali.

Jana usiku mtu amebisha hodi.
Ni baba wa Barabara ya Tisa, simjui vizuri,
karatasi mkononi, imekunjwa vilevile.
Nikamwambia: Semkiwa, kiti nambari tatu.
Nikamwambia: ukifika Mbagala, uliza nyumba ya wifi yangu,
ufunguo huu hapa, usiukate uzi.
Nikamwambia mtoto apimwe kichwa mapema.

Ndoo sikumpa.
Niliogopa asije akauliza ilikuwa ya nani.
Nimemfungia bagia,
za moto.